UZI: Mashine yangu ilipata asilimia 99 na haikuona sayari hata moja. Tuzungumze akili mnemba kwenye utafiti wa anga

KilimiaDSM (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Dar, naishi Kunduchi. Uzi huu nimeuahirisha tangu masika. Humu ndani mada za akili mnemba ni nyingi, ila karibu zote ni za kuandikiwa barua za kazi, picha za kutengeneza, na hofu ya ajira. Kuna upande sijauona ukijadiliwa kwa Kiswahili: jinsi inavyotumika kuchunguza nyota na kuendesha vyombo huko mbali. Nimeujaribu kwa mikono yangu, nikakosea, na kosa lenyewe ndilo nililokuja kuwasimulia.

Nianzie ufukweni. Usiku ambao mwezi haupo, wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao. Ukisimama hapa kwetu unaona mstari wa taa baharini, huoni mtumbwi wala mtu. Lakini mvuvi akipita mbele ya karabai yake, taa inafifia kidogo halafu inarudi. Mtu mwenyewe hujamwona, ila umejua yupo.

Sayari za nyota nyingine zinatafutwa hivyo hivyo. Darubini inakodolea nyota moja kwa miezi ikipima mwanga wake. Sayari ikikatiza mbele, mwanga unashuka kidogo, na kwenye grafu unaona kibonde. Kikijirudia kila baada ya muda ule ule, unaanza kupata moyo. Shida ni udogo wake. Mtu wa mbali akiliangalia Jua letu, Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote kwetu, ikikatiza mwanga ungeshuka kama asilimia 1. Dunia yetu ikikatiza, unashuka chini ya sehemu 1 kati ya 10,000.

Darubini ya Kepler ya NASA ilirushwa Machi 2009 na kwa miaka minne ikakodolea eneo moja la anga lenye nyota zaidi ya 150,000. Programu za kawaida zilivua vibonde vyote, lakini wavu huo ulileta na takataka: nyota pacha zinazofunikana, madoa kwenye uso wa nyota, hitilafu za chombo chenyewe. Wataalamu wakakaa kuchambua kimoja kimoja kama mchele kwenye ungo. Vile hafifu sana viliwekwa pembeni, maana mikono ilikuwa michache.

Sasa mwaka 2017 Christopher Shallue wa Google na Andrew Vanderburg wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin walichukua vibonde takriban 15,000 ambavyo binadamu walikuwa wameshavitolea hukumu, hii sayari, hii siyo, wakaufundishia mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye mifano. Kwenye jaribio ulipatia asilimia 96. Kisha wakaupeleka kwenye nyota 670 zilizojulikana tayari kuwa na sayari, ili uangalie kama kuna nyingine hafifu zilizorukwa. Desemba 2017 wakatangaza Kepler-90i, sayari ya nane ya nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 2,545 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mwaka wake ni siku 14.4. Kwa idadi ya sayari zinazojulikana, nyota ile ikawa sawa na Jua letu.

Wakuu, hapo nilikaa kimya muda mrefu. Data ile ilikuwa ghalani miaka kadhaa, iko wazi, yeyote angeweza kuifungua. Sayari ilikuwa imefunikwa na wingi wa grafu tu. Miaka minne baadaye, Novemba 2021, NASA wakatangaza mtandao mwingine, ExoMiner, uliothibitisha sayari 301 kwa mpigo kutoka ghala lile lile la Kepler.

Nikajiambia, kama tatizo ni macho, mimi macho ninayo.

Kwenye tovuti ya Kaggle, ghala la data za kufundishia mashine, kuna seti ya data ambayo karibu yote imetoka kwenye awamu ya pili ya kazi ya Kepler. Nyota 5,087 za kufundishia, kila moja imepimwa mwanga mara 3,197. Zenye sayari iliyothibitishwa ni 37. Niliipakua kwa bando la usiku, nikaandika programu kwa lugha ya kompyuta ya Python kwenye kompyuta za bure za mtandaoni, na saa nane usiku mashine ikaniletea matokeo: usahihi asilimia 99.27. Nilimwamsha mke wangu nikamwambia.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nikafungua majibu kimoja kimoja. Mashine ilikuwa imesema "hakuna sayari" kwa nyota zote 5,087. Zote! Kwa kuwa 5,050 kweli hazina, ikapata asilimia 99.27 bila kuona chochote. Ni kama mlinzi wa geti anayelala kila usiku: kama mwizi huja mara mbili kwa mwaka, rekodi yake ni nzuri kupita kiasi.

Tangu siku ile nikisikia "AI yetu ina usahihi wa asilimia 99" nauliza maswali mawili. Katika zile ulizotakiwa kuzikamata, umekamata ngapi? Na katika ulizonyooshea kidole, ngapi ni za kweli?

Nikairekebisha. Nikaiwekea adhabu kubwa kila inapokosa sayari ya kweli, nikairudishia mifano ile michache mara nyingi zaidi. Ikaamka. Ikaanza kunyoosha kidole, na nyota kadhaa ilizozionyesha zilikuwa na vibonde vinavyojirudia vizuri kabisa. Nikahesabu: kama vipimo 12 kutoka kimoja hadi kingine. Kila kipimo ni nusu saa, kwa hiyo saa 6. Nyota tofauti, na zote saa 6?

Ilinichukua wiki mbili kupata jibu. Kepler ilikuwa na magurudumu manne ya ndani ya kuiweka sawa isiyumbe. Moja lilikufa Julai 2012, la pili Mei 2013, na kwa mawili yaliyobaki isingeweza kutulia. Wahandisi wakabuni njia ninayoiona ya ajabu hadi leo: wakaigeuza ikae hivi kwamba msukumo wa mwanga wa Jua wenyewe uisaidie kutulia, na kila inapoanza kuteleza, kwa kawaida kila baada ya saa 6 hivi, injini ndogo zinaisukuma kuirudisha. Mashine yangu ilikuwa imejifunza kuchechemea kwa darubini. Sayari haikuwepo.

Akili mnemba itatafuta mchoro wowote unaojirudia uliomo kwenye data, na haijui upi umetoka angani na upi umetoka kwenye kifaa. Hiyo ya pili ni kazi ya mtu anayejua historia ya kifaa. Kwa maoni yangu huyo ndiye tunayetakiwa kumlea hapa kwetu, na halelewi kwa gharama kubwa, maana data ni bure.

Karibuni tuchangie. Matusi hapana.

---

fundi_minara

Mkuu salaam. Nimesoma yote. Mimi nahudumia minara ya simu, napanda juu kila siku, kwa hiyo mawasiliano nayaelewa. Swali langu ni upande wa vyombo. Vile vigari vya Mirihi vinaambiwa vinajiendesha. Kwa nini wasiviendeshe kwa rimoti kama droni? Wana mitambo yote ile.

---

KilimiaDSM

Fundi, wewe utalielewa upesi kuliko wengi, maana tatizo ni ucheleweshaji wa mawimbi. Redio inasafiri kwa kasi ya mwanga, haizidi hapo hata ukiongeza nguvu ya mnara. Kutoka hapa hadi Mirihi ni kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kutegemea sayari mbili ziko wapi kwenye mizunguko yao. Ukiona shimo kwenye kamera, gari lilishatumbukia zamani.

Mfano mkali ni kutua kwa kigari cha NASA kinachoitwa Perseverance tarehe 18 Februari 2021. Kushuka kutoka juu ya angahewa hadi ardhini ni dakika 7. Siku ile mawimbi yalichukua dakika 11 kufika duniani. Kwa hiyo walipopata ujumbe kwamba chombo kimegusa angahewa, kilikuwa kimeshatua tayari, kizima au vipande. Chombo kilipiga picha za ardhi kikiwa kwenye parachuti, kikazilinganisha na ramani iliyokuwa kwenye kumbukumbu yake, kikajua kiko wapi, kikachagua penye usalama ndani ya Jezero, kreta (shimo lililochimbwa na jiwe kutoka angani). Mtu asingeweza kukisaidia.

Na kuendesha ni hivyo hivyo. Kinatazama kwa kamera mbili kama macho yetu, kinajenga ramani ya mawe na mashimo ya mbele, kinachagua njia huku magurudumu yakiendelea kuzunguka. Kikijiendesha kinaweza kufika mita 120 kwa saa. Curiosity, kaka yake aliyetua 2012, kwa mfumo wa zamani alikuwa anakwenda kama mita 20 kwa saa, kwa sababu kila hatua ilibidi asimame afikiri. Katika mwaka wa kwanza wa Mirihi, Perseverance kilitembea kilomita 17.7, na asilimia 88 ya njia hiyo mfumo wake wenyewe ndio ulioikagua.

Ila niweke jambo sawa, maana watu huchanganya. Sehemu kubwa ya huko haijifunzi kutoka kwenye mifano kama ule mtandao wa sayari. Ni kompyuta inayolinganisha picha, kupima miteremko na kukokotoa njia. Kompyuta ya kule ni ya kizamani ukilinganisha na simu yako, kwa sababu lazima ivumilie mionzi, na kila kitu kinachopelekwa lazima kiwe kimejaribiwa hadi watu walale usingizi. Kuna programu moja nyingine naipenda, inaitwa AEGIS. Tangu 2016 inaisaidia Curiosity kuchagua yenyewe mwamba wa kuupiga leza bila kusubiri amri. Gari likifika mahali papya jioni, watu huku wamelala, lenyewe limeshaanza kazi.

---

fundi_minara

Nimekupata. Kumbe foleni ya mawimbi ndiyo iliyolazimisha akili ikae kwenye chombo chenyewe. Hata sisi mnara ukiwa porini mawasiliano yakikatika lazima uwe na uwezo wa kujiwasha jenereta wenyewe. Mantiki ile ile.

---

MwanaMbozi

Mwalimu, mimi nimezaliwa Mbozi, sasa niko Tabata. Kile kimondo chetu cha tani 16 nimekichezea utotoni, tunapanda juu yake. Nimekuwa nikijiuliza, mawe kama yale yanaanguka hadi leo? Na hiyo akili mnemba inaweza kuyaona?

---

KilimiaDSM

Ndugu, una bahati. Mimi nimekiona mara moja tu, nikakigonga kwa kidole nikasikia chuma.

Yanaanguka hadi leo, mengi ni madogo na yanaungua juu. Mirihi, ambako angahewa ni nyembamba sana, hata madogo yanafika chini na kuchimba kreta. Kuna chombo cha NASA kinachoizunguka sayari ile tangu 2006, kimepiga picha pana za uso wake. Mtaalamu anahitaji kama dakika 40 kuikagua picha moja akitafuta alama mpya. Picha ziko takriban 112,000. Piga hesabu: mtu mmoja, saa 8 kwa siku, bila likizo, ni miaka zaidi ya 25.

Mwaka 2020 watafiti wa JPL, maabara ya NASA huko California, walitangaza kwamba wameifundisha mashine kwa picha 6,830, zenye kreta mpya zilizothibitishwa na zisizo nazo, kisha wakaipa ghala lote. Ilitumia wastani wa sekunde 5 kwa picha. Ikakamata kundi la kreta ndogo ambalo hakuna mtu alikuwa ameliona, kubwa yake upana wa mita 4 hivi. Wakilinganisha picha za zamani na za baadaye, wakajua jiwe lilipasuka na kuanguka kati ya Machi 2010 na Mei 2012.

Na hapa zingatia: hawakuiamini mashine peke yake. Waligeuza kamera nyingine yenye macho makali zaidi ikapige picha pale pale, ndipo wakasema ndiyo.

---

Mkaazi_Mbagala

Mnisamehe nitaenda kinyume na upepo. Mambo mazuri kuyasoma, lakini mimi nanunua maji kwa madumu. Nyota zitanisaidia nini? Halafu hii AI kila mtu anajua inabuni vitu. Mdogo wangu ilimwandikia kazi ya chuo ikaweka vitabu visivyokuwepo, akafelishwa. Sasa mnaniambia watu wanaitumia kutafuta sayari. Itabuni sayari pia.

---

KilimiaDSM

Kaka, hoja zako zote mbili ni za haki, na sitazijibu kwa haraka.

Nianze na ya kubuni. Iliyomwandikia mdogo wako imejengwa kuzalisha maneno yanayofuatana vizuri. Ile ya sayari haizalishi kitu, inapewa grafu inatoa namba moja: uwezekano wa kuwa sayari ni kiasi gani. Haiwezi kubuni nyota isiyokuwepo. Kosa lake ni la aina nyingine, kunyooshea kidole kisichostahili, kama yangu ilivyofanya na zile saa 6.

Lakini kuna mahali wasiwasi wako unagusa kabisa. Unaikumbuka ile picha ya 2019 ya shimo jeusi, kitu chenye mvutano ambao hata mwanga hauponyoki, ile duara ya rangi ya chungwa? Ni katikati ya galaksi ya M87, miaka ya nuru milioni 55 kutoka hapa, uzito wake ni kama Majua bilioni 6.5. Ilipigwa kwa darubini chache zilizotawanyika duniani, kwa hiyo data ina mapengo mengi. Aprili 2023 timu ya Lia Medeiros ilitoa toleo jipya lililosafishwa kwa mashine iliyofundishwa kwa picha zaidi ya 30,000 za mashimo meusi, zote zimetengenezwa na kompyuta kwa kufuata kanuni za fizikia. Pete ikatoka nyembamba, kama nusu ya unene wa awali.

Ni kazi nzuri sana. Ila mimi nikiitazama najiuliza unachojiuliza wewe: mapengo yamejazwa kwa kile ambacho nadharia zetu zinatarajia. Kama shimo lile lina jambo ambalo hakuna nadharia iliyolifikiria, mashine iliyolelewa kwenye nadharia hizo italiona vipi? Ila data ya darubini zile iko wazi, wengine wanaweza kuisafisha kwa njia zao.

Mfano mwingine wa uungwana. Mwaka 2023 Peter Ma, akiwa bado mwanafunzi pale Toronto, na wenzake walipitisha kwenye mashine saa 480 za mawimbi ya redio kutoka nyota 820, yaliyonaswa na darubini ya Green Bank kule Marekani, wakitafuta dalili za viumbe wenye teknolojia. Mashine ikatoa ishara 8 ambazo njia za zamani zilikuwa zimezipita. Fikiria ungekuwa wewe! Wakageuza darubini wakazisikiliza tena nyota zile. Kimya. Wakaandika hivyo hivyo, kwamba hazikurudi. Hakuna aliyetangaza kuwa ameongea na mtu.

Kuhusu maji, sitakwambia nyota zitaleta maji Mbagala. Ninachoweza kukwambia ni kwamba ufundi ni mmoja. Septemba 2020 shirika la anga la Ulaya lilirusha setilaiti ndogo, kama boksi, inayoitwa Φ-sat-1. Ndani ilikuwa na chipu ya akili mnemba yenye kazi moja: kutazama picha za Dunia na kutupa zile zilizojaa mawingu kabla ya kuzituma chini. Wewe unajua Dar Aprili ilivyo. Anayefuatilia bonde la Msimbazi kutoka angani anahitaji picha chache zilizo wazi, na asipoteze muda na mia zilizofunikwa. Aliyefundisha mashine kutofautisha sayari na nyota pacha hashindwi kuifundisha kutofautisha maji na kivuli cha wingu. Mimi nimeanza na nyota kwa sababu ndizo ninazozipenda, huo ndio ukweli wangu.

---

Mkaazi_Mbagala

Umenijibu kiungwana. Hiyo ya picha kujazwa kwa matarajio imeniingia. Naendelea kusoma.

---

Sharifu_Falaki

Assalaam alaykum na salamu kwa wote. Mwalimu, jina ulilojipa limenifurahisha. Wazee wetu walisema Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na mkulima alijua lini ashike jembe. Manahodha nao walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa pwani. Sisi tuliosoma falaki msikitini tulifundishwa majina haya: Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Nilitaka kujua nyota zako 5,087 ziko upande gani wa mbingu. Na la pili: mashine zikishika kazi hii yote, mtu atabaki na haja ya kutazama juu?

---

KilimiaDSM

Waalaykum salaam Sharifu. Swali lako la kwanza limenipa furaha. Nyingi ziko kwenye kundi la Dalu, Ndoo. Kwa hapa Dar, Dalu inapita karibu na utosi. Nilikuwa nazichunguza wakati wa masika, wiki nzima sioni hata nyota moja kwa mawingu, na kumbe kuna wakati wa mwaka zinapita juu ya paa langu.

La pili. Kule Chile, kwenye mlima Cerro Pachón, kuna darubini mpya ya Vera C. Rubin, picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025. Kamera yake ni ya megapikseli 3,200. Itapiga anga lote la kusini tena na tena kwa miaka 10, kama terabaiti 20 kila usiku, na kila kitu kilichobadilika, nyota iliyolipuka, jiwe lililosogea, itatoa taarifa ndani ya dakika chache. Wanatarajia taarifa hadi milioni 10 kwa usiku mmoja. Hakuna jeshi la wanafalaki linaloweza kuzisoma. Lazima mashine zichuje ziseme: hizi kumi zitazame leo kabla hazijafifia. Na njia imeshajaribiwa: Oktoba 2023 walitangaza supanova (nyota iliyolipuka) iliyogunduliwa, kuchunguzwa na kupangwa aina yake bila mkono wa mtu kuingia katikati. Mashine yake, BTSbot, ilifundishwa kwa picha zaidi ya milioni 1.4.

Lakini hizo kumi bado anazitazama mtu. Na kuna kitu cha kumi na moja ambacho hakifanani na chochote mashine ilichofundishwa. Hicho ndicho kinachoniweka macho usiku.

Na Sharifu, ukanda wetu haukuwa mtazamaji tu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kwa kupima mionzi ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaipa jina la Kiswahili: Uhuru. Vipimo vyake ni miongoni mwa vilivyowafanya wanasayansi waanze kuamini kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Neno letu limo kwenye historia ile, na wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuambiwa.

---

Sharifu_Falaki

Allahu akbar. Hilo la Uhuru sikulijua. Nitawaambia vijana madrasa Alhamisi.

---

BintiMabibo

Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili, nasoma hisabati, nakaa hosteli Mabibo. Kompyuta yangu ni ya zamani, inazima betri ikitoka. Nimepakua ile seti uliyosema. Nianzie wapi ili nisirudie kosa lako?

---

KilimiaDSM

Marahaba mwanangu. Usianze na mashine. Chora kwanza grafu za nyota zote 37 zenye sayari na 37 zisizo nazo, uzitazame kwa macho hadi uweze kubahatisha. Siku mbili zitaisha hapo, usizionee uchungu. Ukifundisha, fundishia kwenye kompyuta za bure za mtandaoni, yako itumie kuchorea tu, na hifadhi kazi kila baada ya muda mfupi, umeme ukikatika usianze upya.

Mashine ikinyoosha kidole, ihoji. Kunja grafu kwa kipindi chake, vibonde vilaliane kimoja juu ya kingine. Kibonde cha sayari mara nyingi chini ni bapa kama sufuria. Nyota pacha zinazogusana pembeni hutoa umbo kali kama herufi V. Kisha tenganisha vibonde vya namba shufwa na vya witiri. Vikiwa na kina tofauti, zile ni nyota mbili zinazofunikana kwa zamu, moja hafifu kuliko nyingine. Tazama na katikati, kati ya kibonde na kibonde: kukiwa na kingine kidogo, ni mashaka yale yale. Na kipindi kikiwa saa 6, unajua cha kufanya.

Kuna seti ya majaribio ya nyota 570, zenye sayari ni 5. Usiifungue hadi umeridhika kabisa. Ukiichungulia mapema utakuwa umejidanganya.

---

BintiMabibo (siku tisa baadaye)

Mwalimu nimerudi. Nilichora zote 74 kama ulivyosema, kufikia ya hamsini nikawa nazijua. Leo alfajiri nimefungua seti ya majaribio. Mashine imenyooshea kidole nyota 14. Sayari za kweli humo ni 3. Mbili imezikosa.

Zile 11 za uongo nimezikunja. Nne ni saa 6, nikacheka peke yangu chumbani. Mbili zina kina tofauti shufwa na witiri, yaani nyota pacha, zimeonekana wazi wazi kama ulivyoeleza. Zilizobaki ni kelele tu, nadhani.

Nimekaa zaidi na zile mbili zilizokosekana. Moja ina vibonde viwili tu kwenye grafu nzima, vimeachana mbali. Nadhani mashine yangu imezoea vinavyojirudia mara nyingi.

---

KilimiaDSM

Binti, 3 kati ya 5, na umejua kwa nini 6 kati ya zile 11 si za kweli. Mimi sikufika hapo mwezi wa kwanza.

Kuhusu vibonde viwili, uko sahihi. Vipimo vile ni vya siku kama 70 hivi, sayari yenye mwaka mrefu inapata nafasi ya kukatiza mara mbili au mara moja tu. Na seti ni ndogo, sayari 5 hazitoshi kuhukumu mashine, usikate tamaa wala usijisifu. Ile ya pili iliyokosekana umeitazama?

---

BintiMabibo

Naichora sasa hivi. Kibonde chake ni chembamba, kiko ubavuni mwa mteremko mkubwa wa mwanga wa nyota yenyewe unaopanda na kushuka. Nadhani nilipolainisha grafu ili kuuondoa mteremko huo nilikifuta mwenyewe kabla mashine haijakiona. Narudia kulainisha kwa dirisha pana zaidi, yaani nikadirie mteremko kwa vipimo vingi zaidi kwa mpigo. Bando linaisha saa kumi na moja, ngoja niwahi.